Sanda ya Rangi ya Kitunguu

Mtu akikwambia kitunguu hakina kazi zaidi ya kuliwa na kuliza watu, usibishane naye, mwache aende zake. Huyo hajapata kukaa kwetu. Kijiji chetu ni mtaa mmoja tu mrefu kando ya Ziwa Peipsi, mpakani mwa Estonia na Urusi, nyumba upande huu na nyumba upande ule, na nyuma ya kila nyumba kuna matuta ya vitunguu yaliyoinuliwa hadi magotini. Kiangazi kikielekea kuisha, vitunguu vikishang'olewa na kukauka, kila mtu hutoa kigoda chake uani akaanza kuvisuka misuko mirefu kama nywele za msichana. Sasa hayo maganda yake, ya manjano, ya hudhurungi, mepesi kuliko karatasi, hupeperuka mtaa mzima mpaka yanaingia kwenye chai ya watu. Wengine waliyafagia wakayachoma. Vassa aliyazoa.

Aliyazoa tangu akiwa bibi harusi mpaka akawa bibi mwenye wajukuu. Gunia begani, ufagio mkononi, alipita ua kwa ua akipiga kelele, "Jamani msikanyage, msikanyage! Hiyo ni rangi yangu!" Na watu hawakumwacha apite bure.

"Vassa, pita na huku, nina majivu ya jiko!"

"Majivu kaogee mwenyewe."

"Basi mchukue mume wangu, naye ni takataka!"

"Huyo hatoi rangi," Vassa alijibu bila kusimama. "Mwache hapo hapo alipo."

Mtaa mzima ulicheka, na mume mwenyewe akacheka, na gunia likajaa. Ndivyo tulivyokuwa zamani. Siku hizi watu wanasukia vitunguu ndani, mlango umefungwa, televisheni inaongea.

Vassa hakuwa wa kwetu kwa kuzaliwa. Alitoka kisiwani, na aliyemleta ni Parfeni, mwashi. Wanaume wetu wengi zama zile walikuwa waashi. Barafu ikiyeyuka tu, huyo na mwiko wake, anakwenda Leningrad au kwingineko kujenga nyumba za watu, na harudi mpaka baridi imwondoe kwenye ukuta. Kwa hiyo bibi harusi wa kwetu, ukitaka ukweli, aliolewa na mama mkwe. Na mama mkwe wa Vassa alikuwa Solomonida. Loo! Mwanamke mnene, mikono mikubwa kama ya mvuvi, na maneno yake machache kiasi kwamba akisema "chai" watu wanajua leo amefurahi.

Vassa aliwasili wakati wa kusuka vitunguu. Akataka kuonyesha kwamba kwao amefundwa, basi akafagia ua wote, akazoa maganda, akayatia jikoni yakawaka moto mzuri sana. Solomonida akaingia, akanusa.

"Binti, umechoma nini?"

"Maganda, mama. Takataka."

"Umechoma mitandio ya Pasaka," Solomonida alisema, akageuka akatoka.

Vassa alilia jioni ile kwa kutojua amekosa nini. Siku ya pili alilifuata gunia la maganda la mama mkwe lilikokwenda, na huko ndiko alikojifunza.

Nasema alijifunza, maana kufundishwa hakufundishwa. Solomonida alifanya, Vassa akaangalia. Aliona kwamba maganda yakiwa na unyevu hata kidogo hutoa rangi ya matope, kwa hiyo hukaa darini karibu na bomba la moshi mpaka yalie yakishikwa. Aliona kwamba sufuria ya shaba ndiyo hupikiwa rangi, kwa sababu ile ya chuma huigeuza dhahabu ikawa kijani cha bwawani. Sufuria hiyo haikaribii chakula, hata kama nyumba nzima inakufa njaa. Kitambaa kinalala kwanza kwenye maji ya shabu, usiku kucha, ndipo rangi ikishike. Bila shabu rangi huja kusalimia tu, ikifuliwa inaaga. Maganda yenyewe yanachemka polepole, yanapoa, yanachujwa, na supu yake nyekundu inarudi motoni. Solomonida alichovya uzi mmoja, akauinua dirishani kwenye mwanga, akaguna. Mguno mmoja maana yake bado. Miwili maana yake toa.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote katika nyumba ile, miguno miwili. Vassa alipoanza kupika rangi peke yake, Solomonida alikuja, akatazama uzi dirishani, akaguna mara mbili, akaenda kulisha kuku. Vassa alingoja neno. Alilingoja miaka yote waliyoishi pamoja, na moyoni akajijibu mwenyewe kwamba mama mkwe hampendi, anamvumilia tu kwa sababu ya Parfeni, kama mtu anavyovumilia mbwa wa jirani.

Lakini Pasaka ilipofika! Sisi Wakristo wa imani ya kale tunafunga kweli kweli, na mfungo wote wanawake huvaa nguo za giza. Pasaka ndipo giza linapovuliwa. Alfajiri ile wanawake waliingia nyumba ya sala wakasimama upande wao wa kushoto, kila mmoja na mtandio wa dhahabu ya vitunguu, umebanwa kidevuni kwa pini, maana sisi hatufungi fundo kichwani wala shingoni. Mishumaa ikawashwa, na upande wa kushoto wote ukang'aa. Wanaume walisahau kuinama. Watoto waliozaliwa enzi hizo wakiulizwa Pasaka ina rangi gani, hawasemi nyekundu ya mayai, wanasema ile ya mama yangu kichwani. Rangi hiyo yote ilikuwa imetoka kwenye takataka za mtaani, na Vassa akisimama pale nyuma aliitazama akajisikia, kwa muda ule mfupi, kwamba naye ni wa hapa.

Mmoja tu ndiye aliyekataa. Huyo alikuwa Fedosya, binti wa Solomonida, dada wa Parfeni, wifi yake Vassa, aliyeolewa nyumba ya pili upande wa pili wa mtaa. Yeye Pasaka alivaa mtandio mweupe, akasimama katikati ya dhahabu ile makusudi.

"Nivae manjano mimi?" alisema, na alitaka kila mtu asikie. "Watu waseme Fedosya ana ugonjwa wa nyongo?"

"Nyongo unayo," Vassa alimjibu, "ila hutaki ionekane."

"Wifi, mdomo wako ungekuwa na rangi tungeuchemsha."

"Na wako tungeufua kwanza."

Waliishi hivyo, wakigombana asubuhi na kunywa chai pamoja mchana. Fedosya alikuja, akakaa upande wa dirisha, akamimina chai kwenye kisahani, akauma sukari kwa jino, akaanza kukosoa pazia. Solomonida alikufa. Baadaye Parfeni, baadaye na mume wa Fedosya. Watoto walikwenda mjini wakabaki huko. Mitandio ya dukani ikaja, yenye mawaridi makubwa kama kabichi, mizuri tu, sikatai, na wanawake wakaacha kuleta vitambaa kwa Vassa. Yeye hakuacha kuzoa maganda. Alitia rangi soksi za sufu, alitia uzi wa wajukuu, alimtilia kila aliyemwomba na wengine wasioomba. Na Fedosya hakuvaa hata uzi mmoja.

Sasa nieleze habari ya sanda, maana humo ndimo mambo yote yalimokutana.

Kwetu mtu mzima huwa na sanda yake kwenye sanduku mapema, kanzu nyeupe ya kitani na shuka lake la kufunikia, zimeshonwa kwa mkono, na uzi wake hauna fundo hata moja, ili roho isije ikakwama mahali. Solomonida, alipoona nguvu zinamwishia, alichukua kitani cha mwisho kilichofumwa nyumbani, kutoka enzi ambazo bado tulilima kitani wenyewe, akashona sanda mbili. Moja ya binti, moja ya mkamwana. Siku aliyomaliza alimwekea Vassa furushi magotini akasema, "Usiivae upesi." Hakuongeza. Vassa aliiweka chini kabisa ya sanduku, na kila kiangazi wanawake walipoanika sanda zao juani kufukuza nondo, yeye aliitundika ikiwa imekunjwa vile vile, akairudisha. Kuikunjua aliogopa. Aliona kama akiikunjua ataizoesha mwili wake.

Fedosya alikuwa tofauti. Yeye yake aliikunjua, akaipiga pasi, akaizungumzia kwa majirani kama mtu anayezungumzia koti jipya. "Nikifika kule," alisema, "mama atashika bega hivi, ataujua mkono wake. Hataniuliza jina." Katika mambo yote aliyoyataka duniani hilo ndilo lililobaki, kulala ndani ya kazi ya mama yake.

Mwaka mmoja moyo wa Fedosya ulianza kumwacha. Alihamishiwa kitanda karibu na dirisha, akawa anaupeleleza mtaa kutoka pale. Mwezi wa Agosti, sikukuu ya Kulala kwa Mama wa Mungu ikikaribia, alimwita Vassa.

"Wifi, safari hii sitaweza kuianika mwenyewe. Ina madoa ya uzee hapa kifuani, yaone. Unilowekee, unifulie, uianike kwenye uzio wako, wako unapata jua zuri. Na uifanye vizuri, si kama unavyofua pazia."

"Pazia langu lina nini?"

"Nikianza leo sitamaliza kabla sijafa."

Vassa akaichukua. Wakati huo huo, wanawake wa kwaya ya nyumba ya sala walikuwa wamekumbuka zamani. Walimletea mitandio myeupe ya kitani, wakamwomba, mama Vassa, tutilie rangi kama ile ya wazee wetu, tuivae sikukuu. Alifurahi hadi akasahau kula. Akaenda kwenye kibanda cha kuogea cha mvuke, nyuma ya nyumba, ambako siku zote alifanyia kazi zake, akatoa ndoo zake mbili zinazofanana. Ndoo moja mitandio, ndoo moja sanda. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, mtoto wa jicho, na kibandani mle dirisha ni dogo kama kitabu. Akatia sabuni kwenye ndoo moja. Akatia shabu kwenye ya pili. Akaenda kulala akiimba.

Kesho yake sufuria ya shaba ilichemka vizuri mno. Maganda yalikuwa ya mwaka wenye jua, makavu, na supu yake ilikuwa nyekundu kama chai ya tajiri. Akamimina nguo kutoka ndoo ya shabu, akakoroga kwa fimbo, akafunika, akaenda kung'oa magugu. Aliporudi akachomeka fimbo, akavuta, akainua kwenye mwanga wa mlango.

Mtandio hauna mkono. Hiki kilikuwa na mkono, mrefu, unaning'inia, unadondosha matone ya manjano sakafuni.

Vassa alikaa chini pale pale kwenye maji. Alisema, "Hapana, hapana, hapana," kama vile kuna mtu anayemsingizia. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba rangi yenyewe ilikuwa imekaa. Maisha yake yote kitani kilikuwa kinamsumbua, kinakubali nusu, kinaacha mabaka. Kitani hiki kizee, kilicholainika sandukuni miaka na miaka, kilikunywa rangi chote mpaka kwenye mapindo. Hajapata kutoa dhahabu nzuri kuliko ile, na alitamani mikono yake ikatike.

Alijaribu kila alichokijua. Aliichemsha kwenye maji ya majivu. Aliitandaza nyasini ipate umande na jua. Aliisugua na maziwa yaliyoganda, maana bibi mmoja kisiwani kwao alisema husaidia. Dhahabu ikapungua ikawa asali, na kwenye asali ikagoma. Nayo mitandio ya kwaya, ambayo ilikuwa imelala kwenye sabuni, aliichovya kwenye rangi iliyobaki ikatoka kama chai iliyomiminwa maji mara ya tatu, na wanawake wakamshukuru kwa adabu.

Upande wa pili wa mtaa Fedosya aliuliza kila siku.

"Imekauka?"

"Bado, wifi. Kuna unyevu."

"Unyevu? Samaki wananing'inia hapo nje wamekuwa mbao, na sanda haikauki? Umeianika ziwani?"

"Lala, upumzike."

"Nitalala sana tu. Lete sanda yangu."

Vassa alikwenda kwa Zinovi. Sisi hatuna mapadri. Zinovi ndiye kiongozi wetu wa sala, mzee mrefu, ndevu hadi tumboni, mtu mwema lakini ukimgusa kwenye desturi ni ukuta. Alimsikiliza mpaka mwisho, akashika ndevu.

"Nyeupe, Vassa. Mtu huondoka alivyobatizwa."

"Na kama imefubaa kidogo tu? Kama asali?"

"Asali si nyeupe."

"Imeshonwa na mama yake, baba. Ndicho anachokitaka. Hakuna kingine anachokitaka."

"Najua," Zinovi alisema, na alionekana kusikitika kweli. "Kinunuliwe kitani dukani, wanawake wamshonee wote pamoja. Mungu hataangalia ni mkono wa nani."

Mungu labda. Lakini Fedosya ataangalia, na mama yake naye ataangalia. Vassa alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara kama mlevi, na alipofika hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake, akatoa mablanketi, akatoa nguo za Parfeni ambazo hakuwahi kumpa mtu, akafika chini. Sanda yake ilikuwa nyeupe. Kitani ni kile kile, mkono ni ule ule. Fedosya alihitaji sanda aliyoishona Solomonida, na hii hapa ilishonwa na Solomonida. Hakuikunjua. Akaiweka chini ya kwapa, akavuka mtaa.

"Haya, mgomvi, imekauka," alisema, akaiweka juu ya blanketi. "Madoa yote yametoka."

Fedosya hakuitazama. Aliipapasa tu, macho yako dirishani. Vidole vyake vikapata mshono wa bega, vikaufuata vikashuka hadi kwapani, vikasimama.

"Hii si yangu."

"Si yako vipi? Uzee huo sasa."

"Vassa, kinachokufa ni moyo, vidole bado vizima. Yangu mama aliishona mishono mirefu, panya anapita. Hii ni midogo midogo. Hii ni yako."

Vassa aliiacha pale juu ya blanketi. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Wewe umeijuaje yangu?" aliuliza mwisho. "Mimi mwenyewe sijaikunjua hata siku moja."

"Hukuikunjua?" Fedosya alimgeukia. "Ala! Kumbe hata hujui?" Akapumua kwa shida. "Nilikuwa nimekaa pale pale akiishona. Yangu aliimaliza upesi, anazungumza na watu huku anashona. Yako alikaa nayo majira yote ya baridi. Anashona, anafumua, anashona tena, macho yanamtoka machozi kwa mwanga mdogo. Nikamwambia, mama, aliyetoka tumboni mwako ni mimi au ni huyu wa kisiwani? Unajua alinijibu nini?"

"Sijui, wifi."

"Akasema, wewe una mimi, mimi sitakukagua. Lakini yule nilimchukua kwa mama yake. Akifika kule mama yake atamshika, atamgeuza, atatazama mishono, atajua mwanawe alikaaje kwangu. Sitaki aibu mbele ya yule mama."

Vassa alijifunika uso kwa aproni. Alilia kama alivyolia ile jioni ya maganda, mwanamke mzima, na Fedosya akamwacha alie.

"Na hukuniambia," Vassa alisema ndani ya aproni. "Miaka yote hii unakunywa chai yangu na hukuniambia."

"Nilikuwa na wivu. Kwa nini nikuambie? Uone umeshinda?" Fedosya alivuta pumzi. "Hata mitandio yako niliikataa kwa hilo hilo. Rangi ilikuwa nzuri, mwenye macho nani asione? Nilijisemea, ameshachukua mishono, asinichukue na kichwa. Nina wivu mpaka leo, kama unataka kujua. Kidogo tu, nguvu zenyewe ziko wapi. Haya, yangu iko wapi?"

Vassa akamwambia. Ndoo mbili, sabuni, shabu, sufuria, mkono wa nguo kwenye fimbo. Alisema yote bila kujitetea, akingoja kufukuzwa. Kifua cha Fedosya kikaanza kuruka, na Vassa akadhani moyo ndio umekwisha, akainuka aite watu. Alikuwa anacheka.

"Umenipika!" Fedosya alisema akikohoa. "Nimekukwepa maisha yangu yote, na mwisho umenipika kwenye sufuria! Ilete. Nenda kailete niione."

Vassa alikwenda akaileta. Fedosya akaamuru iinuliwe dirishani, na jua la alasiri likapita katikati ya kitani kile.

"Mungu wangu, ni nzuri," Fedosya alisema. "Mshenzi wewe. Ni nzuri."

"Zinovi hataikubali."

"Na hana kosa, nyeupe ni nyeupe, hata mimi nisingekubali mtu mwingine azikwe hivi." Akaisukuma ile nyeupe kwa kiganja, kidogo kidogo, kuelekea kwa Vassa. "Chukua yako. Aliishona kwa ajili yako. Mimi nishonewe hiyo ya dukani, nitajieleza."

Kusema kweli Vassa aliitaka. Tangu aje mtaa ule hajapata kutaka kitu namna ile. Neno alilolingoja kwa mama mkwe miaka yote lilikuwa limelala sandukuni mwake, limekunjwa, na amelijua robo saa iliyopita tu. Mkono wake ulikuwa tayari umeshaishika. Akamtazama Fedosya, jinsi alivyokuwa mdogo kwenye mto, jinsi midomo ilivyokuwa na rangi ya kijivu, na jinsi alivyokuwa amegeuza uso ili asione ikichukuliwa.

"Vaa wewe," alisema.

"Usiseme kitu utakachokijutia."

"Nitakijutia, ndiyo. Vaa wewe. Hii ya kwako nitaivaa mimi."

"Mama yako je? Atakapokugeuza na kukuta mishono ya panya?"

"Nitamwambia nilikuwa na wifi."

Fedosya alitaka kucheka tena akashindwa. "Na rangi utamwambiaje?"

"Rangi nitamwambia ni kazi yangu mwenyewe."

"Zinovi atapiga kelele mpaka ziwa lisikie."

"Zinovi ni mkubwa kwangu. Atatangulia."

Fedosya aliushika mkono wake, na hawakugombana tena siku ile. Walikunywa chai. Vassa alimshikia kisahani.

Fedosya alikufa mkesha wa sikukuu, mchana, dirisha likiwa wazi. Wanawake wakaja kumwosha, na Vassa akasema yeye ndiye atakayemvisha. Aliichukua ile sanda nyeupe na kwa mara ya kwanza akaikunjua yote, mbele ya watu. Macho yake hayakuona mishono. Alimvisha mkono wa kushoto, akamvisha wa kulia, akaivuta chini taratibu, kisha akaanza kupitisha ncha za vidole begani, mshono kwa mshono, akishuka ubavuni, akifika kwenye pindo na kuanza upande wa pili.

"Harakisha, mama Vassa," mmoja wao alimwambia kwa upole. "Watu wanasubiri nje."

"Wasubiri," alisema. "Nasoma."

Wakamwacha. Alimaliza pindo lote, polepole, mpaka mahali uzi ulipoishia bila fundo. Alikaa hapo kidogo, kidole kikiwa juu yake, kisha akachukua shuka akamfunika wifi yake, akasogea nyuma.

"Haya," akawaambia. "Mpelekeni kwa mama."